Nilivyofuga mbu ili tuwaue

Shangazi yangu wa Mbagala alinipigia simu akataka kujua huko Ujerumani nasomea nini hasa. Nikamwambia, "Kwa sasa nafuga mbu, shangazi." Akanyamaza kidogo. "Yaani mwanangu, sisi huku kila jioni tunapambana nao, wewe umepanda ndege kwenda kuwafuga?"

Tulikuwa wanafunzi tisa tukijiandaa kwa iGEM, mashindano ya wanafunzi ya kubadilisha jeni za viumbe, yaliyoanzia chuo cha MIT, Marekani, kama kozi fupi mwaka 2003, na ambayo siku hizi kilele chake ni Paris. Wazo letu lilitokana na Bti, bakteria aliyegunduliwa mwaka 1976 kwenye jangwa la Negev, Israeli. Bakteria huyu hutengeneza fuwele za sumu. Kiluwiluwi wa mbu akizimeza, alkali ya utumbo wake inaziyeyusha, sumu inautoboa utumbo, naye anakufa. Kando ya mto Rhine, Ujerumani, Bti hunyunyizwa kwa helikopta tangu miaka ya 1980. Sisi tulitaka kuchukua jeni ya sumu yake moja, Cry11Aa, na kuipandikiza kwa E. koli, bakteria wa maabara anayekua haraka, kisha tuwalishe viluwiluwi.

Mambo ya jeni waliyashika wenzangu. Walipojaribu kuongeza sumu ya pili, Cyt1Aa, E. koli wenyewe ndio waliokufa, hadi ilipowekwa protini ya kuwakinga iitwayo P20. Mimi nilikabidhiwa viluwiluwi kwa kuwa natoka Tanzania, kana kwamba kuumwa na mbu ni shahada.

Mayai ya Aedes, mbu anayeeneza homa ya dengue, yalifika kwa posta yakiwa yamekauka juu ya kikaratasi, mfano wa vumbi la kahawa. Yanaweza kukaa hivyo kwa miezi. Siku ya kwanza niliyatia kwenye maji ya bomba, yakaanguliwa machache tu. Mtaalamu wa wadudu akanielekeza nichemshe maji kwanza, niyaache yapoe, kwa sababu maji yasiyo na oksijeni nyingi ndiyo yanayoyashtua mayai. Kesho yake bakuli zima lilikuwa linachezacheza.

Jaribio la kwanza lilinitia aibu. Viluwiluwi 25 kila kikombe: vikombe vingine vina bakteria wenye sumu, vingine bakteria wa kawaida wa kulinganishia. Baada ya saa 24 viluwiluwi wa vikombe vya sumu walikuwa wamekufa karibu wote, tukapigana makofi. Kuhesabu upande wa pili, nakuta kikombe kimoja kimepoteza tisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema vifo vya upande wa kulinganishia vikizidi asilimia 20, jaribio zima linatupwa. Tukalitupa.

Nilikaa wiki mbili nikitafuta kosa, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nawamiminia chakula cha samaki kwa huruma. Kilichobaki kilioza, kikafanya utando juu ya maji, na kiluwiluwi hupumua kwa mrija anaoutoa hapo hapo juu. Juu ya hayo, bakteria tuliwatia pamoja na mchuzi waliokulia, nao ukazidi kuharibu maji. Kuanzia hapo chakula nikakipima kwa ncha ya kijiti, na bakteria tukawaosha mara mbili kwa maji ya chumvi kwenye mashine ya kuzungusha kabla ya kuwapeleka kikombeni. Kuua viluwiluwi hata sabuni inaua. Jasho lilinitoka kuwaweka hai wale wasiotakiwa kufa.

Mara ya tatu tukapata: walikufa 23 kati ya 25 kwenye kikombe cha sumu, mmoja tu upande wa pili. Nilihesabu mara nne, nikiwagusa kwa kijiti kuona nani bado anajikunja.

Nilipompa shangazi habari, akauliza nitamletea lini ya kutia kwenye simtanki lake. Nikamweleza kwamba bakteria waliobadilishwa jeni hawaruhusiwi kutoka maabara, sheria ya mashindano inakataza kabisa, na sisi baada ya hesabu tuliwaua wote kwa mvuke. Nikamwambia afunike simtanki vizuri, na kama anataka dawa ya viluwiluwi, kiwanda cha Kibaha kinatengeneza ya Bti wa asili.

"Kibaha hii hii?" akauliza. "Sasa wewe Ujerumani ulifuata nini?"