Miezi tisa kata ikinipita

Siku ya kwanza kliniki, mimba yangu ya pili, nesi aliniuliza kama nakunywa pombe. Nikasema hapana, na sikuwa namdanganya. Kwetu Rombo pombe ni bia ya chupa, ni gongo, ni vile viroba vilivyopigwa marufuku mwaka 2017. Mbege ni mbege. Nesi alikuwa ameshaandika jibu langu, kisha akaniangalia.

"Na mbege?"

Nikacheka. "Mbege nakunywa, dada. Si nyumbani ndiyo tunapika."

Akakata alichoandika.

Niliolewa kwenye nyumba ya mbege. Mama mkwe wangu amesomesha watoto saba kwa kazi hiyo. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa, maji yake yanachujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewa linatia uchungu kidogo. Siku ya kuchanganya lazima awepo mtu wa kuonja, na si mara moja. Mtu huyo nilikuwa mimi. Ulimi wangu ulisifiwa. Jioni ikifika, bila kukaa popote na kusema nakunywa, nilikuwa nimemaliza kata nzima, kile kibuyu chetu cha kunywea mbege, kwa kuonja tu.

Nesi alinieleza kwa lugha ya jikoni. "Unachokunywa wewe anakunywa na yeye. Kinapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwake, na ini lake bado changa, haliwezi kukiondoa kama lako." Nikamuuliza, nusu kata je? Akasema hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito, na ubongo wa mtoto unajengwa miezi yote tisa, kwa hiyo usingoje mwezi wa kusema sasa amekomaa. Sura nayo, macho na mdomo, inaanza kujengwa katika wiki za mwanzo kabisa, wakati mwenyewe hata hujajua kama umebeba.

Nilihesabu vidole. Nilikuwa na wiki kumi na moja.

Nadhani aliona uso wangu. Akaniambia yaliyopita siwezi kuyarudisha, lakini nikiacha leo mtoto anafaidika kuanzia leo. Akanipa vidonge vya kuongeza damu, akaita mwenzangu aliyefuata.

Kupanda kutoka kliniki hadi kwetu ni mwendo wa saa nzima, na njia nzima nilikuwa na uamuzi. Nilipofika nilikuwa na njaa, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: mchana mimi sikuwa nakula. Natoka shambani saa nane, napewa kata, tumbo linajaa, naendelea na kazi mpaka usiku. Mbege ilikuwa chakula changu cha mchana. Kuiacha bila kuweka kitu mahali pake ilikuwa ni kujidanganya. Basi nikaanza kuamka mapema nipike kiburu, ndizi zetu na maharage, nikiache kwenye sufuria, na parachichi, ambazo kwetu zinaanguka chini hadi zinaliwa na nguruwe. Kwangu mimi hilo lilisaidia kuliko nasaha zote. Nikishiba, kata ilikuwa kata tu. Nikiwa na njaa, mkono ulijinyoosha wenyewe.

Kosa langu lilikuwa kuficha. Nilidai nina kiungulia. Kiungulia kilinilinda siku sita. Jumapili baada ya kanisa, dada yake mama mkwe akanipa kata, ameshaonja yeye kwanza kama desturi ilivyo, kunionyesha haina ubaya. Mwanamke wa kuolewa anakataaje kata ya mtu mzima mbele ya ukoo? Nikapiga mafunda mawili. Usiku nikalia, na mume wangu, ambaye nilidhani atanicheka, akasema, "Mama watoto, tumwambie Mama."

Tukamwambia. Mama hakukasirika, ila alishangaa kama mtu aliyeambiwa asiweke chumvi kwenye mboga. "Mwanangu, mimi nimezaa saba. Wote nimewabeba na kata mkononi. Mmoja ni mwalimu. Mbege inaongeza damu, na maziwa yatatoka wapi?" Jirani aliyekuwepo akaongeza kwamba wa mjini wanakunywa bia nyeusi kwa sababu hiyohiyo ya damu. Hiyo bia nyeusi jamani! Rangi yake inatokana na nafaka iliyokaangwa. Damu inataka madini ya chuma, yapo kwenye mchicha, kwenye maharage, kwenye maini, na kwenye vile vidonge vya kliniki ambavyo wengi wetu tunavificha juu ya kabati.

Sikuwa na la kumjibu kuhusu wale saba. Baadaye nilisoma kwamba madhara haya yalipewa jina mwaka 1973, na madaktari wawili wa Seattle, Marekani, Jones na Smith. Mama mkwe alijifungua wa kwanza mwaka 1974. Nani angemwambia, huku mlimani? Na ni kweli kwamba pombe haidhuru kila mtoto sawasawa. Inategemea mama alikunywa kiasi gani, lini, alikula nini, na mwili wake ukoje. Mvua ya mawe haipigi migomba yote.

Nilimwomba anisindikize kliniki siku iliyofuata ya miadi. Alikuja na kitenge chake cha kanisani, akakaa kwenye benchi wima. Nesi alimwamkia vizuri, akamweleza yaleyale, kisha akaeleza anavyoweza kuwa mtoto aliyeathirika: wengine wanazaliwa wadogo, kichwa kidogo, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji wa chini ya pua umesawazika. Lakini wengi, akasema, sura haina alama yoyote. Unawajua baadaye. Hawatulii, wanasahau ulichowaambia sasa hivi, shuleni wanachelewa, na watu wanasema ni wavivu au wamerogwa.

Mama mkwe aliuliza swali moja tu. "Na huyo mtoto akikua, anajua kuhesabu?"

"Hesabu ndiyo inawasumbua sana, bibi. Hata za pesa."

Shemeji yangu, wa tano kuzaliwa, ana miaka arobaini na kitu. Ni mpole, mchapakazi, na hakuna anayemtuma dukani, maana akipewa elfu kumi anarudi na chenji yoyote atakayopewa. Nyumbani tunasema ndivyo alivyo. Sikusema neno njiani, na Mama naye hakusema. Mpaka leo hajawahi kulizungumza, na mimi sitamuuliza.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuchanganya. Nilipokwenda kuchukua kibuyu cha kuonjea, nilikuta ameshampa wifi.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa nyepesi, sitasema rahisi. Nilipewa kazi ya kugawa. Anayegawa anashika kata muda wote, hakuna anayemuuliza kwa nini hanywi, mikono yake ina shughuli. Nilikuwa na kibuyu changu cha togwa pembeni. Angalizo la mpishi: togwa ni ya kunywa ileile siku uliyoitengeneza. Ukiilaza siku mbili tatu inaanza kuchachuka, nayo inaelekea kulekule.

Kipimo kikubwa kilikuwa Desemba. Wachaga wote wa Dar, Arusha na Nairobi wanarudi nyumbani, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kina mbuzi na pipa la mbege, na mimba yangu ilikuwa ya miezi saba. Mume wangu alijifunza sentensi moja, "Daktari amekataza," na nimebaini kuwa watu wetu wanaheshimu katazo la daktari kuliko uamuzi wa mwanamke. Inaniudhi, lakini niliitumia.

Jirani yetu mmoja, naye mjamzito, alikuwa mtu wa gongo asubuhi na jioni. Aliponiona nimeacha akataka kuacha siku hiyohiyo. Namshukuru Mungu alimwambia nesi kwanza. Mtu ambaye mwili umeshazoea pombe kali kila siku akiikata ghafla anaweza kutetemeka hata kupata degedege, kwa hiyo walimpeleka hospitali aache akiwa chini ya uangalizi. Kwangu mimi haikufika huko, niliumwa kichwa na kununa wiki mbili.

Mwanangu alizaliwa Februari, kilo 3.2. Binti yangu wa kwanza, niliyembeba nikiwa mwonjaji, alizaliwa na kilo 2.1. Sasa yuko darasa la tatu, anaimba, anagombana na kuku, na daktari hajawahi kuniambia ana tatizo. Lakini kila nikilifungua daftari lake la hesabu, nalisoma polepole.

Uzazi kwetu ni kitu kizito: miezi mitatu unalishwa mtori na supu, hushiki jembe, na wanawake wanakuja kukuona na mbege ya kuleta maziwa. Pombe inapita kwenye maziwa, na inaweza kuyazuia yasishuke vizuri, hilo nesi alishatueleza wote wawili. Kwa hiyo Mama mkwe aliweka kigoda chake mlangoni mwa chumba changu. Kila aliyeingia na kata aliipokea yeye, akashukuru kwa niaba yangu, na akainywa kwa niaba yangu. Kuna jioni wageni walikuwa wengi, nikamsikia anakoroma palepale mlangoni, kata imelala mapajani, tupu.