Mstari wa Saba

Mwaka 1992 nilikuwa na umri wa miaka 21, nikiimba sauti ya nne katika kwaya ya usharika wetu vijijini mkoani Kagera, na mara nyingi mimi ndiye niliyeombwa kufungua Neno kabla ya mazoezi ya Jumatano. Jumatano moja ya mwezi Agosti nilisoma Wagalatia 6:7, “Msidanganyike, Mungu hadhihakiwi, kwa kuwa cho chote apandacho mtu, ndicho atakachovuna,” na ingawa sikutaja jina la mtu, hakuna mwanakwaya aliyejiuliza ninamsema nani. Nyumba ya mama wa dada huyo niliyemsema ilikuwa chini kidogo ya kanisa, ndani ya kibanja cha migomba, na zilikuwa zimepita wiki tatu tangu aliposhuka kwenye meli ya Mwanza pale Bukoba, amekonda, akishikwa mkono na mdogo wake.

Ugonjwa ule, UKIMWI, ambao wagonjwa watatu wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, watu walikuwa wameupa jina la Juliana, jina la kitambaa cha mashati kilichokuwa kikiuzwa na wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Uganda. Dawa za kupunguza makali hazikuwapo. Zilianza kutolewa bure mwaka 2004, wakati ambapo nusu ya rika langu ilikuwa imekwisha kuzikwa vibanjani. Hofu yetu ilikuwa ya kweli na siikani hata leo. Kinachoniuma ni kwamba hofu ile tuliivika joho la utakatifu, tukasema tunaichukia dhambi, ilhali tulichokuwa tukikikimbia ni kikombe alichonywea mgonjwa.

Mazoezi yalipokwisha, mwinjilisti, ambaye alikuwa ameketi benchi la nyuma muda wote, aliniita. Hakunikemea. “Mwanangu, umeanzia katikati,” alisema, “rudi juu usome.” Nikasoma mbele yake kwamba mtu akighafilika katika kosa, walio wa Roho wamrejeze kwa roho ya upole, kila mmoja akijiangalia nafsi yake, kisha mstari wa pili, “Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo.” Maneno hayo yalikuwa kwenye ukurasa uleule, mistari michache tu juu ya kidole changu, na nilikuwa nimeyaruka. Mwinjilisti alinionyesha dumu la lita 20 lililokuwa mlangoni, akaniambia kwamba mama wa yule dada ni mzee na kisima kiko mbali.

Nilianza kupeleka maji kesho yake, nikaendelea kila Alhamisi hadi alipofariki mwezi Novemba. Baadaye watu walianza kunong'ona kwamba kumbe mume wake ndiye aliyemwambukiza, na wengine wakalegeza nyuso zao kwa sababu hiyo. Mimi sikumwuliza kamwe, wala sioni kwamba jibu lake lingebadilisha chochote, kwa maana mama yake alihitaji maji vilevile.

Siku ya kwanza nilitua dumu kizingitini, nikabaki nimesimama pale. Sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi mpya zenye harufu nzuri, na yeye alilala kwenye mkeka karibu na mlango, mahali palipofikiwa na mwanga.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Mbona umesimama kama mtu anayedai deni? Ingia.”

Aliniomba nimkate kucha, kwa sababu macho ya mama yake hayakuona vizuri tena na zilikuwa zinamkwaruza usingizini. Mama alileta wembe uliofungwa kwenye karatasi. Nilipiga magoti, nikauweka mkono wake wa kulia juu ya paja langu. Ulikuwa mwepesi na wa moto, na ngozi yake ilikuwa imekauka kama jani la mgomba wakati wa kiangazi. Vidole vyangu vilitetemeka, naye aliona. “Kata taratibu,” alisema, “mimi nitautuliza mkono.” Akautuliza kweli, akazuia hata pumzi kila wembe ulipokaribia nyama, ili mimi nisiogope.

Kabla hajaolewa alikuwa akiimba nasi. Nilipofika kwenye kidole cha nne aliniambia kwamba sauti ya nne tunashuka kwenye ubeti wa tatu, na kwamba tumwombe mwalimu atushikie noti pale.

“Umejuaje, dada?”

“Nawasikia kila Jumatano. Jioni upepo ukitulia, kila kitu kinafika hapa.” Alinyamaza kidogo, akiniangalia bila ukali wowote. “Na Neno nalisikia.”

Wembe ulisimama hewani. Sikupata la kusema, na hadi leo sijui ningesema nini. Alisubiri, kisha akauondoa mkono wa kulia, akauweka wa kushoto juu ya paja langu.