Nyanya zililazwa na dhoruba, hivi ndivyo nilivyoziokoa

Dhoruba ya usiku mmoja, katikati ya joto la kaskazi hapa Tanga, ililaza miche yangu yote ya nyanya. Maji yalituama kwenye matuta, mizizi ya pembeni ikawa nje. Roho iliniuma!

Sikuinua kitu siku hiyo. Udongo uliolowa ukiukanyaga unashindiliwa, mizizi inakosa hewa. Nilichimba mfereji tu, maji yakatoka. Kesho yake nikafunga kila mche kwenye kijiti kwa vipande vya kanga kuukuu, maana kamba hukata shina. Iliyopinda kabisa niliiacha ilale, nikafukia shina kwa udongo, kwani shina la nyanya huota mizizi. Majani yenye matope nikayakata, nikatandaza nyasi kavu. Wiki ya pili, maua mapya.