Lango la maiti, wiki ya sita: paa limekaa

Paa la lango langu la mfano limekaa. Jumamosi iliyopita lilikuwa limelala upande kama kofia ya mlevi, na kosa lilikuwa langu: kenchi ya tatu niliikata fupi kwa milimita mbili. Kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, hiyo ni karibu inchi nzima kwenye lango lenyewe.

Kwa asiyefuata toka mwanzo: natengeneza mfano wa lango la kanisa la kijiji, nililolipiga picha nilipokuwa Kent, Uingereza. Nguzo za mwaloni, paa la vigae, benchi huku na huku. Jina lake, lichigeti, limetokana na neno la maiti katika Kiingereza cha kale. Jeneza lilitua pale kumsubiri padri. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha 1549 kilimtaka padri aipokee maiti hapo hapo kwenye kuingia.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vijiji vingi vya Uingereza vilijenga malango haya kuwa ukumbusho. Nilidhani ni urembo tu. Kumbe tangu 1915 jeshi lilikataza maiti kurudishwa nyumbani. Askari walizikwa kulekule, Ufaransa, Gallipoli, wengine Dar es Salaam. Kijiji kikajenga mahali pa kutua jeneza lisilokuja. Yalikuja majina, yakachongwa kwenye boriti.

Viungo ndivyo vilivyonila siku. Hakuna msumari. Ulimi, yaani ncha iliyochongwa ya mti mmoja, unaingia kwenye tundu la mwingine, kisha kijiti kinapigwa kupita vyote viwili. Ujanja ni kutoboa tundu la kijiti kwenye ulimi likisogea kidogo kuelekea begani, pale ulimi unapoanzia, ili kijiti kikipita kivute kiungo kijibane chenyewe. Mimi nilisogeza mno, vijiti vinne vikakatika, cha tano kikalia "kwi!" na nguzo ikasimama wima.

Tarehe za vita nimeziandika 1914–1919. Fundi mwenzangu alidhani nimekosea. Sijakosea: mapigano yalikoma 1918, ila mkataba wa Versailles ulitiwa saini Juni 1919, na vijiji vingi vilihesabu hivyo.

Yamebaki majina. Nikiyapunguza kwa kipimo kilekile, herufi zinakuwa ndogo kuliko ncha ya patasi yangu, na kuna aliyenishauri nichore mistari tu. Lakini Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, ukumbusho wa askari wa vita hivyo hivyo, ya 1927, nimeipita miaka yote bila kuona jina la askari hata mmoja. Nimeshanoa sindano ya kushonea magunia. Kesho najaribu kwanza kwenye kipande cha mbao chakavu.