Mbunge anaposhika shilingi

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Dodoma inajaa wageni wa bajeti, na swali ni lilelile: mbunge anashika shilingi gani?

Ni shilingi ya mshahara wa waziri. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, yaani wabunge wote wakipitia bajeti ya wizara fungu kwa fungu, fungu la mshahara linapotajwa mbunge husimama na kudai ufafanuzi wa jambo la kisera. Majibu yasipomridhisha, hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo; huko ndiko kushika shilingi. Wenzake huchangia, kisha wanaulizwa kama wanaikubali hoja au wanaikataa. Hapo ndipo wengi hulegea. Waziri anasema "tutalifanyia kazi", na mbunge anairudisha shilingi, yaani anaiondoa hoja yake, bila kupewa tarehe wala kiasi cha fedha. Inaniuma sana, kwa sababu ahadi ya namna hiyo huwezi kuidai mwaka unaofuata. Mbunge adai tarehe, isikike ndani ya ukumbi, iingie kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge.

Kosa jingine ni kuchelewa: muda ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo.

Ibara ya 63(2) ya Katiba imelipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Shilingi ile ni sehemu ya kazi hiyo.