Mtungi wangu uliganda Mikindani

Nauza samaki hapa Mikindani, na friza mbili ndizo zinazonilisha. Nilipochoshwa na umeme wa kukatika nilinunua jenereta inayotumia gesi ya kupikia, nikawa nautoa nje mtungi wangu wa jikoni wa kilo 6 kila giza likiingia.

Usiku mmoja wa Julai, kusi inavuma, mashine ilifanya kazi vizuri kuanzia saa mbili. Saa nne na nusu ikaanza kuhema: inapanda, inashuka, taa zinafifia, kimya. Nikavuta kamba mpaka bega likauma. Gesi ilikuwemo, niliisikia ikicheza ndani. Nikaushika mtungi, mkono ukashtuka. Nusu ya chini ilikuwa na ukungu mweupe wa barafu, na kucha yangu ikaacha mstari.

Asubuhi fundi alikuja, akaukuta umevikwa gunia. "Hili umeliweka la nini, mama?" Nikamwambia la kuukinga na upepo. Akaniuliza barafu ya samaki tunaifunika kwa nini unga wa mbao. Nikaelewa papo hapo. Gunia lilikuwa linatunza baridi ndani.

Akanieleza: gesi ndani ya mtungi ni kimiminika kinachochemka polepole, na joto la kuchemkia huchukuliwa kwenye chuma na hewa ya nje. Ukivuta nyingi kutoka mtungi mdogo, joto haliwahi kurudi. Gesi yetu huchanganywa propani na butani. Propani huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ndiyo maana nchi za theluji huitegemea. Butani hukoma karibu na sifuri, na ndiyo inayobaki zaidi mtungi ukielekea kuisha.

Sasa natumia mtungi wa kilo 15, umesimama wima, wazi, upepo unaupiga. Friza siziwashi kwa pamoja. Moja ikishashika baridi ndipo naiwasha ya pili. Mtungi ukipoa sana naumwagia maji ya uvuguvugu. Jirani alishauri jiko la mkaa pembeni, nikakataa kabisa. Na hata mvua inyeshe, jenereta haiingii ndani: moshi wake hauonekani na unaua watu usingizini. Nimeijengea kibanda cha bati kisicho na kuta, mbali na dirisha.

Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku kucha. Alfajiri nilipofungua friza, kolekole walikuwa wagumu kama mawe.