Pawa stelingi kwenye kwadi ya mzee: nilipofikia

Januari

Mvua ya Mufindi ikishapiga wiki mbili mfululizo, udongo mwekundu wa huku kwetu huteleza kama sabuni. Shamba letu la parachichi na miti ya mbao liko mteremkoni. Mbolea inapandishwa na kreti zinateremshwa kwa kwadi baiki ya mzee, pikipiki ya magurudumu manne ya cc 500, tuliyoinunua ikiwa imeshatumika. Injini haina neno, na ukitia fo-wili, magurudumu yote manne yakavuta, inakwea vizuri. Kinachonikosesha usingizi ni usukani.

Mwezi wa kumi na mbili mzee alipita juu ya kisiki cha mlingoti kilichofunikwa na majani. Gurudumu la kushoto likagonga, usukani ukampokonya mikono. Kwenye kwadi mafuta hayaongezwi kwa kuzungusha mkono kama kwenye bodaboda. Unasukuma kiwenzo kwa kidole gumba cha kulia. Usukani uliporuka, ulikisukuma kidole kwenye mafuta, kwadi ikachomoka mbele pale pale alipotaka isimame. Hakuanguka. Lakini kifundo cha mkono, kile kile alichowahi kukivunja, kilivimba wiki nzima, na mama akasema hatapanda tena kitu hicho. Mzee ana miaka 67 na hakuna njia nyingine ya kumfikisha juu shambani.

Ndipo nikaanza kuulizia pawa stelingi, kifaa kinachomsaidia dereva kugeuza usukani. Madereva wenzangu karibu wote wameniambia kwamba pawa ni ya watu wasio na nguvu za mikono. Sikubaliani nao, na mradi huu ni wa kuhakikisha kwa vipimo.

Kwadi ya kwanza kuuzwa na pawa ya umeme ilikuwa Yamaha Grizzly 700, toleo la 2007. Kampuni nyingine kubwa zikafuata miaka michache baadaye. Pawa ya aina hiyo haina mafuta ya hidroliki wala pampu kama gari la zamani. Kwenye nguzo ya usukani kuna kisoma nguvu kinachopima dereva anavyousokota, na kompyuta ndogo inaiamuru mota ya umeme isaidie kwa kadiri hiyo. Za kiwandani husoma na mwendo pia: polepole zinasaidia sana, ukikimbia zinapunguza ili usukani usiwe mwepesi kupita kiasi. Jambo ambalo watu hawalitaji ni kwamba mota hiyo hiyo inapokea kishindo kinachotoka chini. Gurudumu likigonga jiwe, pigo linapitia kwenye gia za mota kabla ya kufika mkononi. Mimi ninachokitafuta ni hicho. Wepesi ni nyongeza.

Februari

Kabla ya kununua chochote nilitaka namba. Nilifunga mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia, kwenye ncha ya usukani, nikavuta taratibu kwadi ikiwa imesimama kwenye sakafu ya saruji hadi magurudumu yaanze kugeuka. Kilo 17. Nikarudia mara tano, haikushuka chini ya 16.

Halafu nikainyanyua mbele kwa jeki. Boli jointi ya chini upande wa kulia, kiungo cha kichwa cha duara kinachoshika gurudumu, ilikuwa inacheza hata kwa kidole. Ncha moja ya tairodi, fimbo ya chuma inayosukuma gurudumu ligeuke, ilikuwa imekauka grisi kabisa, ikigeuka kwa kulia. Nilipovuta uzi kando ya matairi nikakuta yanatazama nje kwa milimita 25. Upepo nao ulikuwa psi 9, wakati kibandiko cha kiwanda kwenye fremu kinasema 5.

Kubwa kuliko yote lilikuwa spesa, vipande vinavyolisogeza gurudumu nje. Mwenye kwadi wa kwanza alifunga spesa nene za alumini nyuma ya rimu za mbele ili kwadi isimame kwa upana zaidi. Hapa naomba msomaji anielewe vizuri, maana mimi mwenyewe sikuwahi kulifikiria. Gurudumu linapokata kona linazunguka kwenye mstari unaopita katika boli jointi ya juu na ya chini. Tairi likigusa ardhi karibu na mstari huo, jiwe likiligonga halipati pa kulishikia. Ukilisukuma nje kwa spesa, umelipa jiwe wenzo mrefu. Kila sentimita unayoongeza ni mkono unaokuvuta usukani. Kisiki kile kilimuumiza mzee kwa msaada wa spesa.

Nimezitoa. Nimebadilisha boli jointi mbili na ncha zote nne za tairodi, nimenyoosha matairi na kurudisha upepo kwenye psi 5. Nilijiandaa kuona usukani mzito zaidi baada ya kupunguza upepo, kwa sababu tairi laini linalala zaidi sakafuni. Mizani ikasema kilo 12. Spesa na vyuma vilivyokauka vilikuwa vinakula nguvu kuliko upepo.

Kwa hiyo anayefikiria kununua pawa aanze hapa. Mota inaweza kukuficha boli jointi iliyokufa mpaka siku inapochomoka.

Machi

Hata hivyo nimeinunua. Sababu ni difu, gia inayoyaacha magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke kwa mwendo tofauti. Tukipandisha na kreti, tope likizidi, mzee anafunga difu ya mbele ili magurudumu yote mawili yavute pamoja. Difu ikishafungwa, gurudumu la ndani na la nje yanalazimishwa kuzunguka sawa, wakati kwenye kona la nje linatakiwa kutembea zaidi. Kwadi inang'ang'ania kwenda mbele. Kwenye njia ya udongo mgumu, ikitambaa na difu imefungwa, mizani ilinipa kilo 21. Huwezi kumwomba mtu wa miaka 67 aivute hiyo siku nzima.

Seti niliyopata Dar es Salaam imetumika: mota na gia zake, kompyuta, waya na bamba la kufungia. Nguzo ya usukani ya zamani inatolewa, mota inakaa katikati kati ya usukani na tairodi. Bamba halikulingana na fremu yetu, fundi wa kuchomelea wa Mafinga akalikata na kuliunga upya mara mbili. Waya mkubwa nimeupeleka moja kwa moja betrini kupitia fyuzi ya ampia 30, na waya mdogo kwenye swichi ili mota isilale imewashwa.

Difu ikiwa wazi, kilo 3. Difu imefungwa, kilo 6.

Mzee aliizungusha ikiwa imesimama uani, kushoto, kulia, kwa mkono mmoja, ule wenye kifundo kibovu. Akarudia. Akazima, akaniambia, "Mwanangu, kesho tunapandisha mbolea."

Aprili

Mwezi mzima wa kazi sasa. Nimetafuta makusudi kisiki cha ukubwa ule ule na kukipita polepole. Unasikia mtikisiko, kidole gumba kinabaki mahali pake.

Kasoro ipo, nayo ni umeme. Injini ikiwa taratibu haizalishi wa kutosha. Jioni moja yenye ukungu tulikwama, taa zinawaka, winchi (mashine ya waya ya kujivutia) inavuta, na mzee anageuza usukani kwa wakati huo huo. Volti zikashuka, pawa ikakata. Usukani bado umeunganishwa kwa chuma na magurudumu, hivyo haukupotea, lakini sasa unasokota na mota iliyokufa juu yake, na unakuwa mzito kuliko kabla ya mradi. Tumekubaliana: winchi ikivuta, usukani unanyooshwa na kuachwa, na injini inapandishwa kidogo.

Seti yangu pia haikuja na waya wa kusoma mwendo. Kwenye barabara ya changarawe, ukifika kilomita 50 kwa saa, usukani ni mwepesi mno na kwadi inatangatanga. Kwa shamba si shida. Mwenye kukimbia asinunue seti ya aina hii.

Wala si kila kwadi inaihitaji. Zile ndogo zinazotembeza wageni Kizimkazi, Zanzibar, kwenye njia za mchanga ni nyepesi na zinavuta nyuma tu. Yamaha Raptor 700, ya michezo, ina kilo kama 190 na inauzwa bila pawa. Wanaoikimbiza hufunga shokapu ndogo ya usukani, na hiyo inawatosha. Grizzly yenye pawa inapita kilo 300, kabla hujaipakia tangi la dawa mbele. Kwa uzito huo, kwenye mteremko wenye visiki na difu ya kufunga, mimi naona ni kifaa cha usalama sawa na breki, na ningelipia tena.

Wiki ijayo nabadilisha taa kuwa za LED ili betri ipumue, na soketi ya kompyuta naihamishia juu ya tangi la mafuta. Jana nilipoifungua nilikuta tone la maji limekaa katikati ya pini mbili.